Kibofu Kinapoikosa Estrojeni

Mama wa miaka 60 anayerudi zahanati kwa mara ya tatu mwaka huohuo, mkojo ukimchoma, husikia maneno yaleyale: unywe maji mengi, ujisafishe vizuri, na umalize dawa. Ushauri wa maji ni mwema. Huo wa usafi ndio unaoniuma, kwa sababu unamtwika aibu mtu asiye na kosa, na unamrudisha nyumbani akajisugue kwa sabuni mahali pasipotaka sabuni. Kwa wanawake wengi wa umri huo, maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) yanayorudirudi huanzia kwenye homoni. Hedhi ikishakoma, jambo linalowafika wengi wakiwa na miaka 50 hivi, estrojeni hushuka, na njia ya mkojo hupoteza mlinzi wake mkubwa.

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi. Wa mwanamume hufika 20. Tundu la mrija wa mwanamke limepakana na uke, na nyuma kidogo ndipo inapotokea haja kubwa, yenye bakteria aina ya E. coli ambao wakiwa matumboni hawana ubaya. Mtoto anapoumbika tumboni, mrija huo na sehemu ya chini ya uke huchipuka mahali pamoja, na vyote viwili huendelea kuitikia estrojeni maisha yote. Homoni ikiwa tele, ukuta wa uke huwa mnene, na seli zake za juu hujaa wanga uitwao glaikojeni. Seli hizo zikibanduka, wanga huo huwalisha laktobasili, bakteria wema wanaotoa asidi ileile inayochachua mtindi. Katika uchachu huo E. coli hastawi. Estrojeni ikishuka, ukuta hukonda, wanga huadimika, laktobasili hutoweka na uchachu hupungua. E. coli huhamia hapo, na kwa vinyweleo vyake vya kunasia hupanda kidogo kidogo hadi kibofuni. Mrija wenyewe nao hukonda na kukauka, na mama huanza kubanwa na haja ya ghafla. Wengine hutokwa na matone wakikohoa, na kwa bibi wa Mji wa Kale wa Mombasa aliyekwisha kujiandaa kwa sala, tone moja tu ni udhu wa kurudiwa.

Sehemu ya ushahidi kuhusu bakteria hawa wema imetoka hapahapa kisiwani Mombasa. Tangu 1993, katika kliniki ya manispaa iliyoko Ganjoni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Utafiti wao uliochapishwa 1999 uliwahusu wanawake 657, na laktobasili walipatikana kwa asilimia 26 tu. Waliowakosa walikuwa katika hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi mara mbili hivi kuliko waliokuwa nao, na kisonono pia kiliwapata zaidi. Utafiti mwingine, wa 2006, ulitazama wanawake 1,270. Waliojiosha ndani ya uke kwa maji waliambukizwa virusi hivyo zaidi kuliko wasiojiosha ndani kabisa, na waliotumia sabuni wakazidi hata hao wa maji.

Msomaji makini atasema wale walikuwa wanawake ambao wengi wao hedhi bado haijakoma, na kilichopimwa hakikuwa UTI. Ni kweli, wala sidai kwamba Ganjoni ilithibitisha lolote kuhusu kibofu cha bibi. Inawezekana pia kwamba baadhi yao walijiosha kwa sababu walikwisha kuhisi wana tatizo, ingawa watafiti walizingatia tofauti nyingine za maisha yao na hatari ikabaki kuonekana. Ninachochukua kwao ni kidogo, lakini kina uzito: ulinzi wa sehemu hii ni wa viumbe hai, na kusugua ndani hakuuongezi. Kuchamba nje kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma, kunatosha.

Jibu la kibofu lilipatikana kwingine. Mwaka 1993 Raul Raz wa Israeli na Walter Stamm wa hichohicho Chuo Kikuu cha Washington walichapisha jaribio la wanawake 93 waliokwisha kukoma hedhi na kusumbuliwa na UTI mara kwa mara. Baadhi walipewa krimu ya estrioli, ambayo ni aina ya estrojeni, ya kutia ukeni kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Wengine walipewa krimu isiyo na dawa. Mwanzoni hakuna hata mmoja aliyekuwa na laktobasili. Baada ya mwezi, laktobasili walirejea kwa asilimia 61 ya waliopimwa katika kundi la estrioli, na kwa kundi la pili hawakurejea kwa yeyote. Maambukizi katika kundi la krimu tupu yalikuwa wastani wa mara 5.9 kwa mwaka. Kwa waliotumia estrioli, mara 0.5. Miongozo ya madaktari wa mkojo wa Marekani ya 2019 inapendekeza matibabu haya.

Hofu kwamba estrojeni huleta saratani ina asili yake. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamisha vidonge vya estrojeni na projestini baada ya saratani ya matiti kuongezeka. Lakini kidonge hupita mwili mzima, ilhali krimu ya kiasi kidogo huingia kwenye damu kwa uchache sana. Tena vidonge havikukisaidia kibofu: takwimu za utafiti huohuo zilizotolewa 2005 zilionyesha kuwa viliongeza kuvuja kwa mkojo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti ashauriane kwanza na daktari wake wa saratani.

Wala si kila mkojo mbaya ni wa homoni. Damu kwenye mkojo, hasa kwa aliyekulia Kwale au kando ya mto Tana, inaweza kuwa kichocho. Inaweza pia kuwa mawe au uvimbe, na ugonjwa wa kisukari huzidisha maambukizi. Kwa hiyo mkojo upimwe maabara kabla ya dozi nyingine kutolewa. Na anayeandika dozi hiyo, kabla hajamuuliza mama anajisafisha vipi, amuulize hedhi yake ilikoma mwaka gani.