Plau mpya inang'aa: tazama chini ya rangi kabla ya kusaini

Mwezi wa kumi, mwaka juzi, koperativi moja ya upande wa Kasenga, Haut-Katanga, ilipokea plau yake ya kwanza ya trakta. Disiki tatu, shasi nyekundu, rangi inang'aa mpaka watoto wakawa wanajiangalia ndani yake. Kamyo ilifika jioni. Dereva alitaka kurudi Lubumbashi usiku ule ule, na karatasi ya kupokelea ilikuwa imeandikwa tayari: "imepokelewa katika hali nzuri". Prezida akasaini, sekretere akapiga muhuri, mama mmoja akaanzisha wimbo. Mimi nilikuwa pale kama fundi wa mradi. Nikapiga picha.

Siku ya tisa ya kulima, mguu unaoshika disiki ya nyuma ulikatika kwenye sudire, pale ulipochomelewa kwenye shasi. Haukupinda, ulikatika. Ilikuwa karibu mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mvua imeshika, na mahindi ya kule yanataka kuwa ndani ya udongo kabla mwezi wa kumi na mbili haujafika katikati. Tulimwomba muuzaji alete mguu mwingine. Alitujibu kwa karatasi yetu wenyewe: hali nzuri, sahihi hii hapa, muhuri huu hapa. Watu wakarudi kwenye jembe la mkono. Wajane wawili waliokuwa mwisho kwenye orodha ya zamu hawakulimiwa kabisa mwaka ule.

Baadaye nilifungua ile picha kwenye simu nikaikuza. Kwenye mguu wa tatu, pale sudire inapokutana na shasi, kuna mstari mwembamba wa kutu, kama uzi, umepita juu ya rangi nyekundu. Ulikuwapo ile siku ya nyimbo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale.

Mzee mmoja wa komite alipoona ile picha alisema: "Kumbe tulionaka rangi tu. Batu bote balikuwa na furaha, nani angesema tungoje kwanza?"

Ni kweli, hakuna anayependa kuwa yule mtu wa kusema tungoje. Lakini koperativi nyingi zinatuuliza sasa juu ya vifaa vipya vinavyofika na sura mbaya: rangi inabanduka kwa ukucha, sudire zina matone kama mshumaa ulioyeyuka, kingo zinakata mikono, bulo haziingii kwenye matundu yake. Wanauliza: tukatae? Tupokee? Jibu letu ni kwamba sura mbaya peke yake haiangushi plau. Tumeona plau zenye rangi ya aibu zikilima miaka, na tumeona ile ya Kasenga. Kazi ni kutenganisha ubaya wa macho na ubaya wa chuma, na kuutenganisha kabla ya sahihi.

Kwanza mjue kasoro inatoka wapi. Vifaa vingi vinavyofika Katanga vinatoka mbali, vinavuka bahari, vinapita bandari za Dar es Salaam au Durban, halafu barabara ndefu ya Zambia mpaka Kasumbalesa. Mara nyingi vinasafiri vimefunguliwa vipande vipande ili vijae vizuri ndani ya kontena, na vinakuja kuungwa hapa kwetu kwenye depo, na watu wenye haraka. Kwa hiyo kuna kasoro za kiwandani, kuna za safari, na kuna za yule kijana wa depo ambaye hakukaza ekru. Rangi nayo ikipigwa juu ya chuma ambacho hakikusafishwa, chenye mafuta au magamba meusi ya moto, haina mahali pa kushika. Hewa ya chumvi ya bahari inaingia chini yake na kutu inaanza kabla kifaa hakijaona shamba.

Sasa tufike kwenye plau yenyewe. Rangi au vanishi iliyo juu ya disiki si kitu cha kulilia. Imewekwa kuzuia kutu njiani tu, na udongo utaiondoa. Kwenye udongo wa mchanga inatoka siku ya kwanza. Kwenye udongo wa mfinyanzi, udongo unaganda juu ya rangi na plau inakuwa nzito, basi afadhali muikwangue wenyewe kabla ya kuingia shambani. Kingo zinazokata ni kazi ya tupa, nusu saa. Pini ya kufungia plau kwenye trakta ikikataa kuingia kwa sababu tundu limejaa rangi, msiipige nyundo. Sugueni tundu kwa msasa. Pini iliyoingizwa kwa nyundo mtakuja kuitoa kwa nyundo kila siku, mpaka ipinde.

Rangi iliyoziba tundu la kupigia grisi ni jambo lingine. Haionekani kuwa kitu, lakini pompi ya grisi itasukuma na grisi itatoka pembeni, nanyi mtafikiri mmepaka. Kumbe ndani ya kitovu cha disiki rulema zinazunguka kavu. Safisheni kichwa cha tundu, pigeni grisi mpaka muone mpya inatokea kwenye kitovu, halafu zungusheni disiki kwa mkono. Izunguke bila kelele ya mchanga. Shikeni kijiti kikiwa kimesimama karibu na ukingo wa disiki inapozunguka: ikiwa mara inakigusa na mara inakiacha mbali, disiki imepinda au kitovu kina mchezo. Hiyo iandikwe kwenye karatasi.

Halafu bulo. Hapa rangi nzuri ndiyo inayodanganya zaidi. Rangi nene ikibaki kati ya vyuma viwili vilivyofungwa pamoja, au chini ya ekru, inakaa pale kama kipande cha mpira. Siku ya kukaza unasikia bulo imekaza kabisa. Plau ikianza kutikisika shambani, ile rangi inasagika na kutoka, nafasi inabaki, na bulo inalegea bila mtu kuigusa. Ndiyo maana kifaa kipya kinakazwa tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, na tena jioni ya siku ya kwanza, na siku zinazofuata mpaka muone hakuna ekru inayosogea. Kuna njia rahisi ya kujua: mkiisha kukaza, chukueni rangi nyeupe, pigeni mstari mmoja unaoanzia kwenye ekru na kuishia kwenye chuma cha pembeni. Ule mstari ukivunjika, ekru imezunguka. Hata mtoto wa shule anaweza kupita asubuhi na kusema ni ipi.

Tazameni pia vichwa vya bulo. Bulo ngumu zina namba kichwani, kama 8.8 au 10.9, na kadiri namba inavyopanda ndivyo bulo inavyovumilia. Bulo isiyo na alama yoyote kwenye mguu wa disiki, mimi siiamini. Lakini angalieni: kwenye mashini zinazozungushwa na trakta kuna bulo iliyowekwa makusudi iwe dhaifu, ikatike yenyewe kabla ya gia kuvunjika. Ile msiibadilishe na ngumu. Fuateni kitabu cha mashini.

Tunafika sasa kwenye sudire. Msipoteze wakati kukagua kila moja. Fuateni njia ya nguvu: trakta inavuta wapi, nguvu inapita kwenye chuma gani, inafika kwenye disiki kwa miguu gani. Sudire za njia hiyo ndizo zinabeba kazi. Sudire mbovu kwenye mguu wa kusimamishia plau wakati wa kupumzika, ni sura tu. Sudire mbovu kati ya shasi na mguu wa disiki ni ile ya Kasenga. Matone madogo pembeni hayana neno. Mashimo mashimo kama mkate, sudire inayoishia kabla chuma hakijaisha, mfereji uliochimbwa kando ya sudire, au mstari wa kutu juu ya rangi mpya, hayo ni maneno makubwa.

Mkiwa na shaka, kuna jaribio la zamani la mafundi, na vitu vyake vipo kila kijiji: petroli ya taa na choki. Kwangueni rangi mpaka chuma kionekane, kwa sababu rangi inaziba ufa. Pakeni petroli juu ya sudire, ngojeni robo saa, pangusieni kitambaa mpaka pakauke kabisa. Halafu sageni choki, pakeni unga wake juu. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani itapanda na kuchora mstari uliolowa ndani ya unga mweupe. Moto na sigara vikae mbali. Lakini kukwangua rangi ya kifaa ambacho bado si chenu kunaweza kuleta ugomvi, kwa hiyo fanyeni mbele ya dereva, mahali padogo, au andikeni kwamba mna shaka na mnaomba muuzaji akague mwenyewe.

Jambo moja tunaliomba sana: mkiona ufa, msimwite fundi wa kuchomelea wa kijiji siku ile ile. Si kwamba hajui kazi, wengine wanajua kuliko kiwanda. Ni kwamba garanti nyingi zinakufa mara kifaa kikichomelewa na mtu mwingine, na ushahidi wenu unafunikwa. Disiki zenyewe hazichomelewi hata siku moja. Chuma chake kimepikwa kuwa kigumu, na moto wa sudire unakifanya kipasuke pembeni.

Na karatasi je? Mikataba yetu bado inafuata dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Sheria hiyo inatenganisha kasoro za namna mbili. Kasoro inayoonekana, ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe, muuzaji hajibu juu yake. Kasoro iliyofichika, inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake, muuzaji anaijibu, na mnunuzi anaweza kurudisha kitu apewe pesa zake, au akibaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Ila sheria inataka mnunuzi aseme upesi. Na mkataba unaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo someni garanti kabla ya kulipa, si baada ya kuvunjika.

Ukiisoma sheria hiyo pamoja na picha yangu, utaelewa kwa nini Kasenga tulishindwa. Ule uzi wa kutu ulionekana. Tungebishana kwamba ufa ulikuwa chini ya rangi, umefichika, lakini tulikuwa na picha inayotusema sisi wenyewe, na tulikuwa tumeandika "hali nzuri".

Kwa hiyo msisaini maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine kama hamjatazama. Andikeni kwa mkono, kwenye karatasi zote mbili, ile yenu na ya dereva: "imepokelewa kwa masharti", halafu kasoro moja moja, na mahali ilipo. Si "rangi mbaya". Andikeni "mguu wa disiki ya tatu, mstari wa kutu kwenye sudire upande wa kushoto". Pigeni picha za kasoro, na moja ya kile kibati chenye namba ya kifaa, ili mtu asiseme ni plau nyingine. Mkutane mchana. Kamyo ikifika jioni, kifaa kishushwe, sahihi ingoje jua.

Koperativi nyingine, karibu na Kipushi, ilifanya hivyo mwaka jana ilipopokea remoriki. Nilikuwa nimewasimulia habari ya Kasenga. Vijana wawili waliinua remoriki kwa jeki, wakashika gurudumu juu na chini wakalitikisa: la kulia lilikuwa linacheza. Wakakuta tena rangi nene chini ya ekru za magurudumu, zile zinazoweza kulegea njiani na watu wamekaa juu ya mifuko. Dereva alikasirika, akasema hajawahi kuona watu wa namna hii. Prezida, ambaye ni mama, akamwambia: "Papa, hatukufukuze. Utakula bukari, utalala, kesho utasaini pamoja na sisi."

Akala, akalala. Asubuhi karatasi ilikuwa na mistari minne ya kasoro na sahihi yake chini. Muuzaji alituma rulema mpya na fundi wa kuiweka, bila pesa. Rangi iliyokuwa imebanduka upande wa nyuma hakuitengeneza, na koperativi haikubishana. Waliosha, wakakausha, wakasugua kwa brosi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, wakapiga antiruyi siku ile ile kabla umande haujaanguka, halafu rangi mara mbili, nyembamba nyembamba. Haifanani na ile ya kiwanda. Kijani chake ni cha mlango wa kanisa, kwa sababu ndicho kilichobaki.

Plau ya Kasenga nayo inalima. Mguu ulitengenezwa upya Lubumbashi, kwa pesa za michango ya wanachama, na kila asubuhi ya kulima mtu mmoja anapita na kitambaa kutazama ile sudire. Msimu uliofuata, orodha ya zamu ilianza na wale wajane wawili.