Hii Ndio Sababu Skafu ya Sufu ya Mkono Haiwezi Kuwa Bei ya Mtumba

Baridi ya Julai ikishika Nairobi, kila mtu anasaka skafu. Ya mtumba unaokota Gikomba na pesa ya nauli, unafunga shingo, maisha yanasonga. Halafu unapatana na ile imesokotwa na kufumwa kwa mkono, unaskia bei, unaruka: "Ai! Kwani ni ya dhahabu?"

Tulia msee, tuhesabu pamoja.

Sufu ya hapa kwetu inatoka kwa kondoo wa pande za baridi, kama Nyandarua, Molo na Laikipia. Pale Nanyuki kuna kikundi cha akina mama, Nanyuki Spinners and Weavers, wamekuwa kwa hii kazi tangu miaka ya 1970. Sufu ikitoka kwa kondoo ni chafu: mafuta, vumbi, miiba, hata samadi. Inalowekwa kwa maji moto bila kukorogwa, juu ukikoroga inashikana kama dredi na hapo umeipoteza. Ikikauka inachanwa na brashi mbili za meno ya waya mpaka ifunguke.

Kusokota ndio kazi yenyewe. Mguu unakanyaga gurudumu, vidole vinavuta sufu kidogo kidogo, na ukizubaa tu, uzi unatoka mnene hapa, mwembamba pale. Uzi mmoja pekee hukatika haraka ukivutwa. So zile nyuzi za kwenda urefu wa skafu, zinaitwa mtande, ni poa ziwe mbili zimepindwa pamoja, zikizungushwa kinyume na vile zilisokotwa. Ule wa kupita katikati, mshindio, hauvutwi sana, kwa hivyo hata mmoja ni sawa.

Sasa hesabu. Zungusha uzi kwa rula, mizunguko igusane bila kubanana, uone ni mingapi inaingia kwa sentimita 2.5. Tuseme 12. Gawa na mbili: unaweka nyuzi 6 za mtande kila sentimita 2.5, nafasi zinazobaki ni za mshindio. Skafu ya upana wa sentimita 25 inataka nyuzi 60. Kila moja iwe mita 2.5, maana kuna ya kufungia kwa mashine, kuna matamvua, na sufu hurudi ikioshwa. Hiyo ni mita 150 na mshindio haujaingia. Ukiuongeza unakaribia mita 300, na zote zimepita kwa vidole vya mtu.

Kufuma, amini usiamini, ndio rahisi. Wengi huharibu kwa kugonga mshindio kama wako na beef na mashine, skafu inatoka ngumu kama zulia. Sukuma tu polepole. Ikiwa bado kwa mashine itakaa imeachana kama wavu, usijali. Ikitoka inalowekwa kwa maji vuguvugu na sabuni, inafinywa taratibu, sufu inavimba na kujaza zile nafasi.

Kwa hivyo kabla uanze kuvutana bei na mama wa skafu, angalia uzi. Ukiona unene unabadilika badilika kidogo, hiyo si kasoro, ni mkono. Na ukishanunua, usiitupe kwa mashine ya kuosha na maji moto. Itatoka ikitosha mtoto wa nasari.