Kipi Kinapindika Kikakaa? Vifaa vya Kujitengenezea vya Kupigia Picha Karatasi za Wazee



Wengi wenu mnawajua, walau kwa kusoma, Wazanzibari wa huku Durban. Ni kizazi cha watu waliokombolewa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wakaletwa Natal kuanzia mwaka 1873. Asili yao hasa ni Wamakua, lakini jina la Zanzibar ndilo lililowaganda. Waliishi King's Rest, kule Bluff, mpaka miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth. Katika kuhamishwa namna ile karatasi hupotea. Zilizobaki zimo makabatini na mvunguni mwa vitanda, na wenyewe hawapendi zitoke nje ya nyumba. Haki wanayo. Basi ni wewe uende na vifaa vyako, upige picha pale pale kwenye meza ya kulia chakula, uage uondoke.

Mwaka juzi mzee mmoja alinikubalia hivyo. Mie nikajitengenezea mkono wa kushikia simu kwa waya mgumu wa chuma niliouokota gereji. Ulipinda, lakini kila nikiuachia unarudi kidogo. Nikaulazimisha, ukarudi tena, mwisho ukachomoka na simu ikadondoka juu ya barua ya marehemu babake. Barua haikuchanika, alhamdulillahi, lakini uso wa mzee niliuona. Nilifunga mkoba nikaenda zangu.

Nilichojifunza ni hiki: usiulize "kitu hiki kinapindika?" Uliza "kikishapinda kinafanya nini?" Maana kazi ziko tatu: kuna kitu unachotaka kikae, kuna unachotaka kirudi, na kuna kinachogusa karatasi.

Tuanze na cha kukaa, yaani mkono wa kushikia simu. Kila madini yana mpaka wake. Kabla ya kuufikia, waya hurudi ulikotoka kama springi. Ukishaupita, hubaki vile ulivyoupinda. Chuma kigumu mpaka wake uko mbali, shaba laini na alumini laini mpaka wao uko karibu. Mafundi wa Kizulu wa hapa wanalijua hili siku nyingi. Wanasuka vibakuli vya rangi rangi, izimbenge, kwa waya wa simu, kazi iliyotokana na walinzi wa usiku waliokuwa wakizungushia mabaki ya waya kwenye fimbo zao. Ndani ya waya ule ni shaba laini iliyovikwa plastiki: unaukunja, unakaa.

Lakini shaba nyembamba haibebi simu. Hiyo iachieni kazi ndogo, kama kushikilia kipande cha karatasi nyeupe mbele ya taa. Na mnunue dukani, msiokote wala kununua mitaani, kwa sababu wizi wa nyaya za shaba ni balaa kubwa Afrika Kusini. Kwa simu ya gramu 200 hivi, mie natumia waya laini wa alumini wa milimita 6, ule wanaonunua wachonga sanamu na wanaolea miti ya bonsai. Nachukua nyuzi mbili, nazifunga pamoja kwa utepe. Unene una maana kubwa: waya ukiwa mnene mara 2, uwezo wake wa kuhimili bila kulegea huwa mara 8. Urefu nao unakula nguvu: ukirefusha mkono mara 2, mzigo unaolemea pale shinani huwa mara 2. Basi usizidi sentimita 40. Kabla ya kwenda kwa watu, ning'iniza nusu kilo ya sukari pale patakapokaa simu, acha usiku kucha. Ukikuta umeinama, rudi kazini.

Tena pinda kwa mviringo mpana, si kwa kona kali. Shaba na alumini zikipindwa mahali pale pale kila siku hukakamaa, kisha hukatika, kama kibanio cha karatasi unachokichezea ofisini.

Sasa cha kurudi. Hapo chuma chenye springi ndicho mahali pake. Lile pazia la kukinga jua kwenye kioo cha gari, lenye waya wa duara pembeni, ukilikunja linaingia mkobani, ukiliachia linafunguka lenyewe. Ule upande wake unaong'aa lakini si mzuri kwa picha za zamani na wino unaometa, maana unaleta mng'aro. Shonea kitambaa cheupe juu yake. Weka taa mbili za LED, kushoto na kulia, kwa pembe ya nyuzi 45, na flashi ya simu izime. Hewa ya Durban ina chumvi na unyevu, chuma kinashika kutu upesi. Kipitishe ndani ya kitambaa.

Wanaopenda fremu ya bomba la PVC: linalainika kwa maji ya moto sana, huna haja ya kulichoma. Likiungua linatoa hewa yenye asidi, mbaya kwa kifua chako na kwa karatasi.

Hapo tumefika kwenye cha kugusa. PVC, sponji la godoro, utepe wa gundi, vyote hivyo visilale juu ya karatasi ya mtu. Tumia pamba safi. Kitabu kisichofunguka vizuri usikilazimishe. Kunja taulo mbili, kilale katikati. Ili ukurasa usijifunge, shona kifuko chembamba kama nyoka, ukijaze gololi za kioo. Msijaze mchele, jamani, huku kwetu utaita wadudu. Na kila ncha ya waya ivikwe kitambaa.

Mwezi wa tatu baadaye nilirudi kwa mzee yule na mkono mpya. Kwanza nikaufunga mezani, nikaning'iniza sukari mbele yake. Akacheka, akainuka mwenyewe kwenda kabatini.