Mafunzo ya Ubingwa wa Udaktari Mwanza: Faida na Gharama Zake

Daktari anayehitimu nchini Tanzania huwa amesoma miaka 5, kisha akafanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya usimamizi. Baada ya hapo huruhusiwa kutibu peke yake. Je, yafaa aongeze miaka mingine 3 au zaidi ili awe bingwa? Swali hili lamhusu yeye. Lakini lamhusu pia mgonjwa wa Ukerewe, Sengerema au Geita, ambaye hospitali yake itamkosa daktari huyo kwa muda wote huo.

Asili ya mafunzo haya

Mafunzo ya ubingwa katika sura yake ya sasa yalipata umbo katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889. Huko William Osler na mpasuaji William Halsted waliwaweka madaktari vijana waishi hospitalini, wakikabidhiwa madaraka hatua kwa hatua. Msingi wake ni kwamba ustadi wa mkono na wepesi wa kuamua haupatikani vitabuni, bali kwa kuhudumia wagonjwa wengi mbele ya mwalimu anayesahihisha.

Kwa muda mrefu daktari wa Kanda ya Ziwa aliyetaka ubingwa alikwenda Muhimbili, KCMC mjini Moshi, au ng'ambo. Hospitali ya rufaa ya Bugando, iliyo juu ya kilima mjini Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971. Chuo cha tiba kilianzishwa hapo mwaka 2003. Ndicho kiitwacho leo CUHAS, nacho hutoa shahada ya uzamili ya tiba.

Faida

Faida ya kwanza imo katika magonjwa yenyewe. Tuchukue kichocho cha matumbo, kilichoenea ufukweni mwa ziwa. Mayai ya minyoo hubebwa na damu hadi kwenye ini, na makovu hujengeka humo. Damu ikizuiwa njia yake hutafuta nyingine, ikaivimbisha mishipa ya umio. Mishipa hiyo ikipasuka, mgonjwa hutapika damu, na asipotibiwa upesi hufa. Daktari aliyefunzwa mbali husoma habari hizi. Aliyefunzwa Mwanza hukutana nazo katika zamu ya usiku. Ndivyo ilivyo pia kwa selimundu, na kwa saratani inayovimbisha taya la mtoto, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na kazi yake nchini Uganda.

Faida ya pili ni utafiti. Kila mwanafunzi hutakiwa kuandika tasnifu, na maswali yake huzaliwa katika wodi anamofanya kazi.

Gharama

Nchini Marekani daktari aliye mafunzoni ni mwajiriwa mwenye mshahara. Kwetu yeye ni mwanafunzi anayedaiwa ada, ilhali hushika zamu kama mtumishi. Aliyeruhusiwa na mwajiri huweza kuendelea kupata mshahara; asiye na mfadhili hujibebea mzigo mwenyewe.

Gharama ya pili ni uchovu, na hulipwa na mgonjwa pia. Mwaka 1984 kifo cha msichana mmoja katika hospitali ya New York kilizusha mjadala mkubwa juu ya madaktari vijana wanaofanya kazi bila kulala. Mwaka 2003 Marekani iliweka kikomo cha saa 80 kwa juma.

Gharama ya tatu ni pengo linaloachwa wilayani. Pengo hilo huwa la kudumu iwapo bingwa atarudi akakuta hakuna dawa za usingizi wala vifaa vya upasuaji, naye akahamia mjini.

Njia ya kati

Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999, humfunza mpasuaji akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha humtahini. Njia hii hupunguza pengo, lakini haimwondolei mtu haja ya msimamizi aliye karibu.

Basi mizani ielemee wapi? Kwa magonjwa ya kanda hii, kufunzia Mwanza kuna faida iliyo wazi. Hata hivyo wingi wa wagonjwa peke yake si shule: bila mwalimu kando ya kitanda, daktari huyarudia makosa yake mpaka yakawa mazoea. Nayo wilaya inayomruhusu daktari wake leo yapasa ianze leo hiyo hiyo kuandaa chumba cha upasuaji atakachokirudia.