Kuzungusha na Kuburuta

Kizingo, jina la mtaa wa kisiwa cha Mombasa, lina maana ya mpindo wa mto au njia. Asili yake ni kuzinga, yaani kuzunguka. Mzunguko huohuo ndio Mswahili autumiao kuelezea ucheleweshaji: mdai huzungushwa, au hupigwa danadana mfano wa mpira. Mwingereza huwaza miguu inayoburutwa, na tafsiri yake ya neno kwa neno, "kuburuta miguu", imekwishaingia magazetini. Hasara yake si ndogo. Kuzungusha ni kitenzi elekezi, nacho hudai shamirisho: sharti atajwe azungushwaye. Miguu ni ya mcheleweshaji peke yake. (Kujikokota ni neno letu, lakini humfaa zaidi mgonjwa.) Afasiriye habari ya mrithi aliyesubiri hati ya shamba miaka mingi, akaandika "wakuu waliburuta miguu", amemwondoa mrithi katika sentensi.