Ukuta Usiozuia Sauti

Katika kukagua chama kimoja cha ushirika wa nyumba, mwanachama wa ghorofa ya juu kabisa alinilalamikia kwamba usiku husikia hata kikohozi cha jirani, ilhali jengo halijatimiza mwaka. Nilipanda ngazi, nikachungulia juu ya dari. Ukuta unaotenga fleti hizo mbili uliishia usawa wa dari. Haukufika kwenye paa kama mchoro ulivyoagiza.

Ifahamike kwamba sauti ya hewani, kama mazungumzo na redio, huzuiwa na uzito wa ukuta na kuzibwa kwa kila upenyo. Ukuta wa matofali ya saruji yenye matundu hupitisha sauti nyingi usipopigwa lipu pande zote mbili. Soketi za umeme zilizopeana migongo nazo ni matundu. Mapazia na trei za mayai, ambazo wengine huzibandika kwa bidii, hupunguza mwangwi wa chumba tu.

Kishindo cha nyayo au kinu husafiri ndani ya zege yenyewe. Dawa yake iko kwa jirani wa juu: zulia zito lenye mpira chini yake.

Basi, Ndugu Katibu, kabla ya kumlipa mkandarasi fedha zilizozuiliwa kuwa dhamana, washa redio fleti moja, funga milango, kisha sikiliza katika ya pili. Kasoro iandikwe kwa barua ndani ya muda wa matazamio uliotajwa katika mkataba, ambao mara nyingi ni miezi 6 au 12. Chama nilichokitaja kilikuwa kimekwisha kulipa fedha zote. Ukuta ule wanachama waliumalizia kwa michango yao.