Keria Juu ya Gari: Funga Imara, Pakia kwa Kipimo

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru. Asubuhi ya siku hizo, simama kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Utaona magari mengi yamebeba mizigo juu. Mengine yamebeba mikungu ya ndizi kutoka miteremko ya Mlima Meru. Mengine yamebeba magunia ya viazi, matenga ya nyanya, au magodoro.

Mizigo hiyo haifai kulazwa juu ya bati tupu. Inatakiwa ikae juu ya keria, na keria inashikiliwa na reli. Magari mengine hutoka kiwandani yakiwa na reli. Mengine hayana. Mwenye gari hununua reli dukani, kisha fundi huzifunga.

Labda wewe huna gari. Lakini unapanda gari la mwenzako. Watoto wako wanatembea kando ya barabara kwenda shule. Keria ikichomoka, mzigo humwangukia yeyote aliye karibu. Kwa hiyo somo hili ni la kila mtu: mwenye gari, fundi, abiria na mwenda kwa miguu.

RELI NI NINI?

Reli ni mabomba mawili marefu ya chuma au aluminiamu. Moja hufungwa upande wa kulia wa paa, na jingine upande wa kushoto. Juu yake hulazwa vyuma viwili au vitatu vya kukatisha. Mzigo hukaa juu ya vyuma hivyo, wala haugusi bati.

Jihadhari unaponunua. Ziko reli za kubebea mzigo, na ziko reli za urembo. Reli za urembo hubandikwa kwa gundi tu. Zinang'aa na kupendeza, lakini hazikutengenezwa kubeba kitu. Ukizitwika mzigo, gundi itaachia. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali mawili. Je, reli hizi zinabeba kilo ngapi? Je, zinafungwa kwa bolti au zinabandikwa kwa gundi?

PAA ZA AINA TATU

Kwanza, liko paa lenye mfereji. Mfano wake ni Land Rover za zamani. Watu wa Arusha wanazifahamu sana. Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa watu mwaka 1948 huko Amsterdam, Uholanzi. Na mwezi wa Oktoba 2024, wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha kubwa. Tazama ukingo wa paa la gari hilo. Utaona mfereji mdogo wa kupitishia maji ya mvua. Keria yake hushika mfereji huo kwa vibano. Hakuna haja ya kutoboa paa.

Pili, liko paa lenye matundu ya kiwandani. Matundu hayo yamefunikwa kwa vifuniko vya plastiki. Ukiondoa vifuniko utaona mahali pa kuingiza bolti. Nunua reli zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la aina hiyo.

Tatu, liko paa tupu. Halina mfereji wala matundu. Kwa magari mengi ya namna hii, ziko keria zenye vibano vinavyoshika ukingo wa paa juu ya milango. Hizo ni bora, maana hazihitaji kutoboa. Kutoboa kuwe njia ya mwisho. Kazi hiyo ifanywe na fundi anayeijua.

PAA LINABEBA KILO NGAPI?

Gari lina kitabu chake. Kitabu hicho hueleza uzito ambao paa linaweza kubeba. Magari mengi madogo huruhusiwa kubeba juu kati ya kilo 50 na kilo 100 tu. Reli na keria nazo zina kipimo chake. Vipimo vikitofautiana, fuata kilicho kidogo. Tena kumbuka: uzito wa keria yenyewe huhesabiwa ndani ya kilo hizo.

Tufanye hesabu. Tuseme unaishi Sokon I na una gari dogo. Kitabu kinasema paa libebe kilo 75. Keria na reli zake zina uzito wa kilo 22.

75 – 22 = 53

Basi umebakiwa na kilo 53 za mzigo. Umenunua ndizi Tengeru, na kila mkungu una kilo 25. Mikungu miwili ni kilo 50. Inafaa. Mkungu wa tatu utafikisha kilo 75 za ndizi. Ongeza kilo 22 za keria, jumla ni kilo 97. Umezidisha kilo 22. Mkungu huo wa tatu uweke ndani ya gari, kama uzito wote wa gari unaruhusu, au uurudie safari nyingine. Faida ya mkungu mmoja haiwezi kulipa paa lililobonyea, wala maisha ya mtu.

HATUA ZA KUFUNGA

Hatua hizi ni za gari linalohitaji bolti. Hata kama wewe si fundi, zisome. Utaweza kumsimamia fundi wako.

1. Soma maelezo yaliyokuja na reli. Hesabu bolti, nati na washa. Kama kuna kilichopungua, usianze kazi.

2. Safisha paa kwa maji na sabuni. Likaushe vizuri. Changarawe ndogo ikibaki chini ya reli itakwaruza rangi, na hapo kutu huanza.

3. Pima kwa futi. Anzia kwenye ukingo wa kioo cha mbele, pande zote mbili. Kipimo cha kulia kilingane na cha kushoto. Weka alama. Pima tena. Tundu likishatobolewa mahali pasipofaa, halirudi.

4. Kama ni lazima kutoboa, kwanza fungua kitambaa cha dari ndani ya gari. Ondoa waya wa betri. Tazama kilichomo. Huenda kuna nyaya za taa. Katika magari mengi ya siku hizi kuna pia mifuko ya hewa kwenye kingo za paa. Mifuko hiyo hufumuka kwa nguvu wakati wa ajali ili kulinda vichwa vya abiria. Usitoboe wala kubana mahali hapo.

5. Toboa kwenye mhimili wa ukingoni, si katikati ya paa. Bati la paa ni jembamba sana, halifiki hata milimita moja. Peke yake haliwezi kushika mzigo. Anza na tundu dogo, kisha lipanue mpaka litoshe bolti.

6. Lainisha kingo za tundu kwa tupa. Futa unga wote wa chuma. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma kilichochubuka, na uiache ikauke. Usiruke hatua hii. Kutu huanza na doa dogo, halafu hula paa polepole usipoona.

7. Weka silikoni kuzunguka tundu. Weka washa ya mpira chini ya mguu wa reli. Kwa ndani weka bamba la chuma ili nguvu ya bolti isambae.

8. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza. Kisha zikaze kwa spana kidogo kidogo, moja baada ya nyingine. Usikaze moja mpaka mwisho kabla ya nyingine. Na usitumie nguvu zako zote, maana bati litabonyea au bolti itakatika. Kama maelezo yametaja kipimo cha kukazia, kifuate.

9. Acha silikoni ikauke siku nzima. Kisha mwaga maji juu ya paa kwa ndoo. Ngoja robo saa. Papasa dari kwa ndani. Kama pana unyevu, fungua na uzibe upya. Fanya jaribio hili kabla ya masika. Mvua za Machi hadi Mei zitatafuta kila tundu uliloliacha wazi.

10. Baada ya safari ya kwanza, kagua bolti zote tena. Mtikisiko wa barabara hulegeza bolti mpya.

KWA NINI MZIGO WA JUU NI HATARI?

Fanya jaribio hili darasani. Simamisha kisanduku cha kiberiti juu ya ubao. Inua ubao upande mmoja polepole. Angalia unapoanguka. Sasa weka jiwe dogo juu ya kiberiti na ulinate kwa ugali. Inua ubao tena. Kiberiti kitaanguka mapema zaidi. Uzito ukikaa juu, kitu hupinduka upesi.

Gari nalo ni vivyo hivyo. Likiwa na mzigo juu, huyumba kwenye kona na kwenye upepo. Dereva aliyezoea gari tupu asiliendeshe kwa mwendo ule ule.

Tena, gari likisimama ghafla, mzigo hutaka kuendelea mbele. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Huo ni mwendo wa mzigo pia. Kama haukufungwa, utaruka juu ya boneti na kuwafikia watu walio mbele. Na gari likiingia shimoni, mzigo hugonga keria kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake wa kawaida. Ndiyo maana bolti hazina budi kuwa imara.

KABLA YA KUONDOKA

Weka vizito ndani ya gari na vyepesi juu. Mzigo wa juu utandaze, usiurundike upande mmoja. Funga mbele, nyuma na pande zote mbili. Mipira inayokatwa kwenye tyubu za magurudumu huvutika, kwa hiyo haitoshi kwa mzigo mzito. Tumia kamba imara au mkanda wa kufungia mzigo. Kisha tikisa mzigo kwa mikono miwili. Gari zima litikisike pamoja nao. Kama mzigo unacheza peke yake, fungua ufunge upya.

Kumbuka kwamba gari lako sasa limekuwa refu kwenda juu. Angalia matawi, malango na nyaya. Na kamwe usimpandishe mtu juu ya keria, hata kwa mwendo mfupi.

Nawe abiria, ukiona keria inacheza, mwambie dereva asimame. Usione haya. Atakayeumia anaweza kuwa wewe, au mtu aliyekuwa anapita tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Reli za urembo na reli za kubebea mzigo zina tofauti gani?
2. Paa la gari linaruhusiwa kubeba kilo 100. Keria na reli zina kilo 28. Je, linaweza kubeba madumu manne ya maji, kila dumu likiwa na kilo 20? Eleza jibu lako kwa hesabu.
3. Kwa nini fundi hupaka rangi kwenye tundu kabla ya kuingiza bolti?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, ni mizigo gani hubebwa juu ya magari? Je, hufungwa vizuri? Mnaweza kufanya nini pamoja ili kuzuia ajali?